Mafuta ya Chipsi, Maganda ya Mayai na Mashine Yetu ya Ufuta

Maneno ya mkaguzi wa hesabu wa umoja wetu, chakula cha hisani, Dar es Salaam

Ndugu zangu wana-Lindi, na watani zetu wa Mtwara mlioingia bila kadi,

Nimepewa dakika kumi nizungumzie ombi la vijana wetu, wanaotaka tuwanunulie mtambo wa kutengeneza dizeli kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Mimi ni mhasibu, si mkemia. Nimesoma, nimeuliza wanaojua, nimepiga hesabu. Wazo ni zuri, lakini mtambo tusinunue mwaka huu.

Wengi mnaikumbuka mashine yetu ya kukamua ufuta. Tuliichangia katika ukumbi kama huu, tukapiga nayo picha, na leo imefungiwa bandani. Haikuharibika. Ilikula dizeli kuliko faida iliyoleta, na hesabu hiyo hatukuipiga kabla ya kununua. Nami nilikuwepo, nilipiga makofi kama wengine. Ndugu zetu wa Nachingwea wana kisa kikubwa zaidi: mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, matrekta yakaja kabla udongo haujajulikana, na 1951 ukaachwa baada ya kumeza pauni milioni 36.

Sasa kazi yenyewe. Mafuta ya kupikia ni mazito mno kwa injini ya dizeli kuyanywa kila siku. Yakichanganywa na methanoli, ambayo ni aina ya spiriti, kwenye joto la nyuzi 60 hivi na pakiwa na kichocheo, yanageuka: dizeli nyepesi inakaa juu, gliserini inazama chini. Kichocheo kilichozoeleka ni kostiki ya kununua. Vijana wanataka kutumia maganda ya mayai. Yakichomwa kwenye nyuzi 800 hadi 900 yanakuwa chokaa, ileile iliyotoka kwenye matanuri ya wazee wetu pwani. (Sisemi turudi kuchoma matumbawe, samaki wetu wanaishi humo.) Uzuri wake ni kwamba muuza chipsi mayai ana vyote viwili, mafuta na maganda, pale pale kibandani.

Kwa kilo 100 za mafuta, tukitumia kilo 5 za chokaa, tunahitaji maganda makavu kilo 9 hivi, yaani trei 55 hadi 60 za mayai. Chokaa hiyo ikichujwa na kufungwa isipate unyevu, hutumika tena mara kadhaa. Upande huo sina wasiwasi.

Wasiwasi wangu ni methanoli. Kilo 100 za mafuta hula kilo 11 hivi, lakini kazi haikamiliki usipomimina mara mbili yake au zaidi, kisha uivukize iliyobaki na kuipoza ili uirudishe. Asiye na chombo cha kuirudisha anapeperusha fedha hewani. Methanoli hutengenezwa hasa kwa gesi asilia. Gesi ya Songo Songo, mkoani kwetu, inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, na methanoli tunaagiza nje! Tena ni sumu. Inapofusha, inaua, Kenya mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Moto wake mchana hauonekani vizuri. Kazi hii haifanywi uani kwa mama wa mtu.

Halafu mafuta. Yaliyokaangia samaki siku nne yana maji na asidi, na yakikutana na chokaa yanatoa sabuni. Likizo iliyopita nilikaa jioni tatu na wakaangaji wa nyumbani. Karibu wote waliniambia hawamwagi mafuta, wanaongezea mapya juu ya ya zamani. Ndiyo tunayoyala sisi na watoto wetu. Kwa hiyo lazima tuyanunue kabla hayajawa meusi, kwa bei itakayomfanya mkaangaji aone afadhali kuuza kuliko kuongezea. Bei hiyo ndiyo itakayoamua kama mradi una faida, na haipatikani kwenye kitabu chochote. Ni ya kwenda kuijaribu.

Ninachoomba leo ni fedha za miezi sita: madumu, mizani, pipa moja lenye kifuniko na kipozeo, glavu na miwani, kodi ya tanuri, malipo ya fundi mmoja wa maabara, na fedha ya kununulia mafuta. Dizeli itakayopatikana tuichanganye, sehemu moja kwa nne za dizeli ya kituoni, tuitie kwenye ileile mashine ya ufuta. Kila lita iandikwe: iliyoingia, iliyotoka, iliyomwagika. Daftari lisomwe kila kikao cha mwezi.

Ikiwa lita yetu itagharimu zaidi ya ya kituoni, nitasimama hapa mwakani niwaambie hivyo, na salio liende kwenye paa la zahanati. Ikigharimu pungufu, tutafungua banda, na suala la mtambo tutalizungumza tukiwa na tarakimu mkononi.

Makisio mnayo mezani. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, pale mlangoni. Watani wa Mtwara hawatatoka bila kupita kwake.