Kurudi Kazini Chuoni: Anayeumwa Asiogope Kusema

(Mazungumzo kwa wafanyakazi wa vyuo na wakazi wa kaunti za Kisii na Nyamira, Oktoba 2020)



Ni miezi saba sasa tangu Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, atangaze kisa cha kwanza cha COVID-19 nchini Kenya, tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule na vyuo vifungwe. Mwezi huu milango inafunguliwa kwa awamu. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea shuleni tarehe 12, na vyuo vikuu vinaanza kuwapokea walio mwaka wa mwisho.

Mengi yamesemwa kuhusu wanafunzi. Mazungumzo haya yanawahusu wale wanaotangulia kufika na kuchelewa kuondoka: mpishi, soja wa langoni, mfagiaji wa madarasa, matroni wa hosteli, karani na mhadhiri. Wengi wao walikaa miezi mingi bila kujua kazi itarudi lini, na wanafurahi kuipata tena. Lakini wanarudi na hofu.

Hofu hiyo ina msingi. Chuo hakiishi peke yake. Mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Kisii au wa Kisii National Polytechnic humaliza kazi jioni, akapitia soko la Daraja Mbili kununua mboga, kisha akapanda matatu kwenda Keroka, Ogembo au Nyamira. Nyumbani kuna watoto, na mara nyingi kuna mama au baba mzee. Virusi vikiingia jikoni mwa chuo asubuhi, usiku vinaweza kuwa kijijini. Vilevile, vikianzia matangani kijijini, Jumatatu vitakuwa chuoni.

Masharti yanajulikana. Barakoa ifunike pua na mdomo. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Madirisha ya ofisi na madarasa yafunguliwe, hata asubuhi ya baridi. Matatu ya viti 14 ibebe abiria 8. Salamu ya mkono ina heshima kubwa katika Gusii, lakini kwa sasa mzee anaheshimiwa zaidi na anayemwamkua akiwa amesimama mbali kidogo.

Hata hivyo, maji na sabuni peke yake havitoshi ikiwa mtu mwenye homa na kikohozi anakuja kazini kwa sababu anaogopa kukatwa mshahara. Kipimajoto cha langoni hakimwoni kila mgonjwa. Anayejua kwanza kwamba mwili hauko sawa ni mwenye mwili, na atanyamaza akiona kwamba kusema kutamnyima unga.

Kwa hiyo ni vizuri haki ijulikane. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inasema kwamba mfanyakazi aliyehudumu miezi miwili mfululizo anastahili likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 zaidi kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Anatakiwa kumjulisha mwajiri mapema na kuleta cheti cha daktari. Kibarua naye hajasahaulika. Kifungu cha 37 kinasema kwamba aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi. Soja au mfagiaji aliyeletwa na kampuni aidai haki hiyo kwa kampuni iliyomwajiri.

Kuna mmoja ambaye kifungu cha 30 hakimsemi waziwazi: yule aliyekutana na mgonjwa, haumwi, lakini ameambiwa akae nyumbani siku 14. Yeye hana cheti cha ugonjwa, na hafai kuwa kazini. Wakuu wa vyuo, kampuni za ulinzi na usafi, na wawakilishi wa wafanyakazi wanaombwa wakubaliane juu ya mtu huyo sasa, kwa maandishi, kabla hajapatikana. Mshahara wa siku 14 wa mpishi mmoja ni mdogo kuliko hasara ya kufunga chuo tena. Wenye hosteli, mama mboga na wahudumu wa bodaboda walio karibu na vyuo wanaijua hasara hiyo.

Anayejihisi vibaya abaki nyumbani, amjulishe msimamizi wake, na apige nambari 719 bila malipo au aende kituo cha afya kilicho karibu. Wenye dalili nyepesi wanaweza kuuguzwa nyumbani wakifuatiliwa na wahudumu wa afya ya jamii. Anayepumua kwa shida asingoje. Apelekwe hospitali mara moja.

Majirani nao wana kazi. Aliyepona asinyooshewe kidole sokoni wala watoto wake wasitengwe. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini watu huficha maradhi pale wanapojua kwamba wakiyasema watachekwa au watafutwa kazi. Msimamizi akisema, "Pole, nenda ukapimwe, kazi yako ipo," atakuwa amewakinga wengi.

Karibuni tena kazini.