Shokapu za Mbele: Mazungumzo na Wakazi wa Kata ya Utemini



Nimeombwa nizungumzie mabadiliko yanayofanywa katika shokapu za mbele za pikipiki ndogo. Vijiweni kwetu mabadiliko hayo ni ya namna mbili. Wapo wanaoinua mbele, aghalabu wabeba mizigo na abiria, kwa nia ya kukwepa mashimo na kuzuia chombo kisizame. Na wapo vijana wenye pikipiki ndogo za mwendo kasi ambao huteremsha mbele ili chombo kifanane na zile za mashindano wanazoziona katika televisheni. Kila upande unamcheka mwenzake, ilhali wote wawili wanacheza na kitu kimoja: namna tairi la mbele linavyoshika ardhi. Mama anayepakiwa usiku kwenda kujifungua haulizwi kama shokapu iliyo mbele yake imeongezwa kipande cha bomba. Kwa ajili yake jambo hili limekuwa la kata nzima, wala si la mwenye pikipiki peke yake.

Ndani ya kila mguu wa shokapu mna bomba jembamba linaloingia katika bomba nene, mna springi, mna mafuta, na juu ya mafuta mna hewa. Springi hubeba uzito. Mafuta hayabebi uzito hata kidogo. Kazi yake ni kupunguza mwendo wa springi ili isirukeruke baada ya kugonga shimo. Kazi hizi mbili zilikutanishwa katika pikipiki ya kiwandani mwaka 1935, Wajerumani wa BMW walipotoa R12 na R17 zenye shokapu za bomba zinazotulizwa kwa mafuta. Boxer iliyoegeshwa hapo nje inafuata wazo lile lile. Asiyetofautisha kazi ya springi na kazi ya mafuta atatibu mguu kwa dawa ya jicho, na hayo ndiyo ninayoyaona kila siku: shokapu inazama kwa sababu springi imechoka, fundi anamwaga mafuta ya zamani na kutia mafuta mazito ya injini namba 40. Mteja anaondoka akifurahi kwamba pikipiki imekuwa ngumu. Uzito bado unazamisha shokapu vile vile, ila sasa inazama polepole na kuinuka polepole zaidi. Akipita kwenye matuta yaliyofuatana, haijawahi kurudi juu kabla ya tuta la pili kuigonga. Kila tuta linaikuta chini zaidi, mpaka inafika mwisho na chuma kinagonga chuma.

Sasa tuje kwenye kipande cha bomba. Fundi hufungua kifuniko cha juu, akaweka kipande cha bomba juu ya springi, kisha akakaza kifuniko kwa nguvu. Wengi huamini kwamba springi imekuwa ngumu. Sivyo. Ugumu wa springi hutokana na unene wa waya, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko, na kipande cha bomba hakigusi hata kimoja kati ya hivyo. Kilichofanyika ni kuibana springi kabla ya kazi, hivyo pikipiki inasimama juu zaidi. Kidogo kinafaa, na viwanda vyenyewe huweka kipande kama hicho. Kikizidi, shokapu inasimama juu kabisa, haina tena nafasi ya kushuka chini kufuata shimo. Watu husahau kwamba shokapu ina kazi mbili: kupanda tairi linapogonga jiwe, na kushuka tairi linapokuta shimo. Iliyobanwa kupita kiasi inajua kupanda tu. Kwenye shimo tairi linaning'inia hewani, na tairi lililo hewani halina breki wala halielekezi popote. Kuna ubaya mwingine: springi iliyobanwa mno mizunguko yake hugusana kabla shokapu haijamaliza safari, na pigo lote huenda kwenye nyuzi za kifuniko. Ikikatika nyuzi, kifuniko huruka kuelekea kwenye uso wa dereva.

Anayehitaji ugumu kweli na abadilishe springi, tena kwa hesabu. Ugumu hupanda kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 4 badala ya milimita 3.5 ni tofauti ya nusu milimita tu, macho hayaioni, lakini springi inakuwa ngumu kwa takribani asilimia 70 ikiwa mengine yote ni sawa. Ndiyo maana springi iliyookotwa kwenye pikipiki kubwa humrusha dereva badala ya kumbeba. Kukata mizunguko pia huongeza ugumu, kwa kiasi cha kawaida zaidi: ukikata 5 katika 50 unapata karibu asilimia 11. Naitaja njia hii kwa sababu inafanywa, ila kipande kilichokatwa lazima kifidiwe urefu wake kwa bomba lililonyooka na lenye ncha zilizosawazishwa, na miguu yote miwili ifanane. Mguu mmoja ukiwa mgumu kuliko mwenzake, usukani hautulii.

Kuna jambo moja ambalo sitalipatia nafuu yoyote, nalo ni kuchomelea kipande ili kurefusha bomba jembamba lenyewe. Bomba hilo limetengenezwa kwa chuma na unyoofu maalumu, na moto wa kuchomelea huharibu vyote viwili. Hubeba karibu nguvu yote ya breki ya mbele. Likikatika, halikatiki pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Niwageukie vijana wanaoteremsha mbele. Wao hulegeza nati za kishikio na kusukuma mabomba yapenye juu, mara milimita 20, mara 40. Angalieni gurudumu dogo la kitanda cha hospitali: linafuata nyuma ya ekseli inayolizungusha, ndiyo maana linajinyoosha lenyewe. Tairi la mbele la pikipiki liko hivyo hivyo. Mstari wa stelingi ukiurefusha hadi ardhini unagusa mbele ya mahali tairi linapokanyaga, na umbali uliopo katikati, ambao nitauita mkia, ndio unaolinyoosha. Katika pikipiki ndogo ya kawaida, kuteremsha mbele milimita 20 hupunguza pembe ya stelingi kwa karibu nyuzi 0.9, na mkia hupungua milimita 5 hadi 6 hivi. Chombo kinakuwa chepesi kukata kona. Mshindani kwenye uwanja wa lami laini anautaka wepesi huo. Sisi tunaishi Singida, mji ambao watu wamekuja kuupimia umeme wa upepo, na upepo huo hupiga ubavuni. Ukitoka mjini kwa kasi kuelekea Dodoma au Nzega, lori likikupita na upepo ukakurudia ghafla, mkia mfupi ndio unaoanzisha mtikisiko wa usukani ambao mikono haiuzuii. Aidha, aliyeteremsha mbele amepunguza nafasi kati ya tairi na kishikio cha chini; shokapu ikizama yote, tairi au mdigadi wake waweza kugusa kishikio hicho.

Anayeinua mbele hupata kinyume chake: mkia mrefu, usukani mzito. Mpakie magunia mawili ya vitunguu ya kupeleka soko la Misuna, yote nyuma ya ekseli ya nyuma, na uzito wa mbele unapungua hadi breki ya mbele inatelezesha tairi badala ya kusimamisha chombo. Tatizo la huyu ndugu ni kerio, wala si shokapu. Magunia yakisogezwa mbele kwa kiganja kimoja, au safari zikawa mbili, chombo kinarudi katika hali yake bila kufungua nati hata moja. Najua safari mbili ni mafuta mara mbili, na bei ya gunia haiulizi habari za mkia wa tairi. Hata hivyo hesabu ya mafuta ni ndogo kuliko hesabu ya mguu uliowekewa vyuma.

Wapo wakazi wanaotaka kila pikipiki iliyoguswa shokapu iondolewe vijiweni. Naielewa hasira yao, lakini siungi mkono. Pikipiki ambayo haijaguswa tangu inunuliwe, springi imechoka, mafuta yamekuwa tope na sili zinavuja, ni ya hatari kuliko iliyobadilishwa kwa kipimo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inadai chombo kizima barabarani, na leseni za usafirishaji za LATRA hazimwondolei mwenye chombo wajibu huo. Ninachoomba ni ukaguzi wa vijiweni kwa vitu vinavyopimika. Mafuta yanayotiririka kwenye mguu wa shokapu ni sababu tosha ya kusimamisha chombo siku hiyo, hasa penye breki ya diski, kwa sababu mafuta yakifika kwenye diski breki haipo tena. Sili zibadilishwe mbili kwa pamoja. Bomba lenye vidoa vya kutu lisuguliwe au libadilishwe, la sivyo sili mpya itachanwa ndani ya wiki, na fundi atalaumiwa bure. Vumbi letu ni adui mkubwa. Soksi ya mpira juu ya bomba ni ya bei ndogo kuliko jozi ya sili. Pia mbele inyanyuliwe, mkaguzi ashike miguu ya shokapu chini aivute huku na huku: ikigonga, beringi za stelingi zimekwisha, na hakuna springi itakayoficha hilo.

Kipimo cha mwisho hakihitaji kifaa zaidi ya rula na uzi. Mbele ikiwa imenyanyuliwa, funga uzi kwenye bomba jembamba ukigusa sili. Shusha pikipiki taratibu, dereva apande akiwa amevaa helmeti yake na asimamishwe wima na mwenzake, kisha ashuke bila kutikisa. Uzi utakuwa umesukumwa juu. Shokapu yenye safari ya milimita 120 inapaswa kuwa imezama milimita 30 hadi 40. Ikizama 10 tu, imebanwa mno. Ikizama 60, springi imechoka au haimfai mwenye uzito ule.

Naona pale chini ya mti kuna pikipiki nyekundu ambayo mwenyewe ameniambia imeongezwa bomba. Kwa ruhusa yake, naomba isogezwe hapa mbele, na fundi mmoja kijana aje na uzi.