Kunakili Nyimbo: Ruhusa Wapi, Kosa Wapi?

(Mazungumzo na wanakisomo)



Leo tuzungumze juu ya jambo tunaloliona kila siku ya gulio. Kuna kijana amekaa na kompyuta yake. Mtu anampa simu au memori kadi. Kijana anaijaza nyimbo, anapokea fedha, basi. Je, jambo hili ni halali?

Wengi watasema, "Kuna ubaya gani? Hakuna kilichoibwa." Ni kweli, ukivuna mahindi ya jirani usiku, asubuhi atakuta shamba tupu. Lakini wimbo ukinakiliwa, mwenyewe bado anao. Hapo ndipo tunapodanganyika. Mwanamuziki hali wimbo. Anakula malipo ya wimbo. Ametumia siku nyingi kutunga, amelipa studio, amelipa wapiga vyombo. Mtu mwingine akiuza nakala mia, mwanamuziki hapati hata senti.

Sasa sheria inasemaje? Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hakimiliki ni haki ya mtungaji juu ya kazi yake. Haki hiyo hudumu maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo hata watoto wake wana fungu lao.

Lakini sheria imeacha mlango mmoja wazi. Wimbo uliokwisha kutolewa kihalali, mtu anaweza kuunakili kwa matumizi yake mwenyewe. Tuseme umenunua sidii dukani. Unataka kuusikia muziki ule shambani, ukauhamishia kwenye simu yako. Hapo huna kosa.

Shikeni maneno haya: matumizi yake mwenyewe. Kijana wa gulioni anauza. Ruhusa ile haimhusu. Bila idhini ya wenye nyimbo anavunja sheria, naye aweza kutozwa faini au kufungwa. Mwenye baa naye asijifiche humo. Kuwapigia wateja muziki si matumizi ya nyumbani. Kunataka kibali na malipo.

Na programu za kompyuta je? Programu ni maagizo yanayoiwezesha kompyuta kufanya kazi, kama vile kuandika barua au kupiga hesabu. Hizi zina masharti makali zaidi. Ukinunua programu kihalali, waweza kuweka nakala ya akiba, isije ikapotea. Lakini usimnakilie rafiki, hata kama humtozi kitu, mpaka mwenye programu ameruhusu. Zipo programu ambazo wenyewe wameruhusu zigawiwe bure. Hizo chukueni bila wasiwasi.

Mtu atauliza, "Watu wakinakili majumbani, nani atawaona?" Swali zuri. Ujerumani walijiuliza hivyo hivyo. Hawakutaka askari aingie kila nyumba. Mwaka 1965 waliweka tozo kwenye mashine za kurekodi, ili fedha hizo ziwafikie watungaji. Nchi nyingi zimefuata njia hiyo, na Tanzania nayo imeingiza tozo ya namna hiyo katika sheria yake.

Ndugu zangu, jambo hili si la wanamuziki wa mjini peke yao. Kwaya yetu ikirekodi nyimbo, sheria hii hii inailinda. Ni vizuri waziandikishe COSOTA, ofisi ya serikali inayosimamia hakimiliki. Siku ukitokea ugomvi, watakuwa na ushahidi. Na yule kijana wetu tusimtukane. Tumweleze sheria, atafute makubaliano na wenye nyimbo, auze kwa halali.

Zamani tulikuwa tukisema: Asiyefanya kazi na asile. Basi, aliyefanya kazi naye ale.



Maswali ya kujadiliana:
1. Hakimiliki ni nini?
2. Kunakili wimbo kwa matumizi yako kuna tofauti gani na kunakili ili kuuza?
3. Kwaya ya kijiji chenu ifanye nini kabla ya kutoa nyimbo zake?