Gesi imepita, kura iko wapi?

(Mazungumzo ya mwandishi wa kujitegemea na wananchi wa Msimbati, Mtwara)

 

Mmeniita niseme kama kupiga kura kuna maana. Mimi nimeishia kidato cha nne, sina shahada ya siasa, nitasema niliyoyaona.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa hapa mwaka 1982. Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana, wakitaka kuambiwa watafaidikaje kabla haijapelekwa Dar es Salaam. Januari na Mei 2013 mambo yakaharibika. Majengo yakachomwa, askari wakamwagwa, watu wakafa. Bomba likajengwa hivyo hivyo. Oktoba 2015 likazinduliwa, na mwezi huo huo Mtwara Mjini ikampa ubunge mgombea wa CUF. Kura ilisema, lakini gesi ilikwisha kufika Kinyerezi!

Ndiyo maana kijana anauliza: kwa nini tusiamue wenyewe, jambo kwa jambo, kuliko kumtuma mtu Dodoma akasinzie? Swali halali kabisa. Zanzibar walifanya hivyo 31 Julai 2010, wakaikubali kwa kura ya maoni serikali ya umoja wa kitaifa. Sisi tuliahidiwa kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, na mpaka leo kimya.

Lakini jamani, nasi tusijidanganye. Mkutano mkuu wa kijiji mnauitaje? Kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe, haendi kwa niaba ya mtu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano huo kuridhia. Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano unaweza kukataa. Gesi iliyo chini ya ardhi hiyo hauigusi. Hiyo ni ya Bunge, na Bunge linapatikana kwa kura ile ile mnayoidharau.

Kuna kijiji, sitakitaja, nilikwenda siku ya kusomewa mapato na matumizi. Hatukufika watu ishirini. Siku ya kofia na fulana za kampeni, uwanja ule ule ulifurika mpaka watoto wakapanda miembe.

Mkutano huo unatakiwa kila miezi mitatu. Wenu ujao ni lini? Anayejua anyooshe mkono.

Naona mikono miwili. Mmoja ni wa mwenyekiti.