JIKO LIBAKI NJE

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Busi, wilaya ya Kondoa)



Nimepewa dakika chache nizungumze jambo litakalowafaa vijana. Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya bidii katika masomo. Nimeyaweka kando kwa sababu ya ubishi uliotokea jana usiku pale uwanjani, tulipokuwa tukichoma mbuzi.

Waliokuwapo wanajua. Kipupwe cha Julai katika milima hii hakina utani. Jua likizama, kila mtu hulikumbuka koti lake. Kamati ilileta majiko mawili: la mkaa kwa ajili ya nyama, na la gesi, lenye mtungi wa kilo 6, kwa ajili ya chai na supu. Haikupita saa moja, moto wa gesi ukalegea. Tukaugusa mtungi, tukakuta umelowa umande na ni baridi kama jiwe la mtoni. Hapo pakazuka pande mbili. Wa mkaa wakasema gesi ni mambo ya mjini. Wa gesi wakajibu kwamba mkaa umetumalizia miti. Mimi nilinyamaza, lakini leo sina budi kusema.

Nianze na gesi. Ndani ya mtungi mna kimiminika, nacho ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi yetu haiisumbui. Butani huchemka karibu na sifuri yenyewe, ndiyo maana penye baridi hutoka kwa uvivu. Tena, kimiminika kinapogeuka gesi hunyonya joto la mtungi. Kadiri unavyopika kwa moto mkubwa, ndivyo mtungi unavyozidi kupoa na msukumo unavyopungua, hasa mtungi mdogo uliokaribia kwisha. Ongeza na upepo unaoupeperusha moto kando ya sufuria, utajua kwa nini chai ilichelewa.

Dawa yake ni rahisi. Weka jiko mahali penye kinga ya ukuta au mawe, funika sufuria, na tumia moto wa kiasi. Lakini jana nilimwona mwenzetu mmoja akiusogeza mtungi karibu na makaa ili upate joto. Ndugu zangu, hilo si jambo la kucheka. Mtungi wa gesi hausogezwi kwenye moto hata siku moja, kwani unaweza kupasuka na kuua watu.

Sasa mkaa. Kwa nyama ya nje wakati wa baridi, mimi nakiri kwamba mkaa umeshinda. Kaa likishaiva na kuvaa majivu meupe, hutoa joto kali la moja kwa moja ambalo upepo hauwezi kulipeperusha kama mwali wa gesi. Mafuta yakidondoka juu yake, moshi ule ndio utamu wenyewe. Ila upepo huo huo huula mkaa upesi na kurusha cheche, na mwezi huu nyasi zote ni kavu. Anayechoma nyama awe na ndoo ya maji karibu.

Lakini ushindi huo una gharama. Kwa tanuri letu la udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Wazee wa Kondoa hawahitaji kufundishwa maana ya ardhi iliyovuliwa nguo. Makorongo yetu yalijulikana hata nje ya nchi. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka ili majani na miti ipate kurudi. Watu walitengana na ng'ombe wao kwa ajili ya vilima hivi. Si haki sisi watoto wao tuvirudishe tena utupu kwa gunia la mkaa.

Serikali nayo, mwezi Mei 2024, ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, kwa shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Shabaha ni njema. Ugumu tunaujua: mkaa hununuliwa kwa kopo, lakini gesi hutaka fedha ya mkupuo. Hata hivyo, mwenye uwezo aanze. Chungu cha kila siku kipikwe kwa gesi, na mkaa ubaki kwa nyama ya sikukuu.

Ndugu Mwenyekiti, ningeweza kuishia hapo. Lakini liko la tatu, nalo ndilo lililoninyima usingizi.

Jana, sherehe ilipokwisha, nilimsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake: "Makaa haya tuyapeleke chumbani, yatatupasha joto." Nikamzuia, naye akanijibu kwa heshima: "Shikamoo mzee, lakini hayana moshi tena."

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Nilikuwa kijana, nimeanza kazi katika mji mmoja wa baridi, nimepanga chumba na mwenzangu. Tulichoma nyama uani, tukala, kisha tukaliingiza jiko ndani na kufunga dirisha. Usiku niliamka kwa haja ndogo. Kichwa kilikuwa kinagonga kama ngoma, na miguu haikunitii. Nilianguka nikaupiga mlango, na kishindo hicho ndicho kilichomwamsha jirani. Walituburuta nje wote wawili. Mimi nilipata fahamu mapema. Mwenzangu alifumbua macho jua limekwisha panda, na kwa siku nyingi alikuwa akisahau hata majina ya watu. Nami ndiye niliyekuwa nikisifiwa kwa Kemia darasani!

Kilichotupata ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haina moshi. Hutoka kwenye makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha, hata yakiwa mekundu na mazuri ya kutazama. Ikiingia katika damu huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu hulala akidhani ni usingizi tu. Gesi ya mtungi hutiwa harufu mbaya kwa makusudi ili ikivuja ujue. Hii ya mkaa hakuna aliyeitia harufu.

Ninajua baadhi yenu mnatoka vijiji vya mbali na mmepanga vyumba karibu na shule. Mnajipikia wenyewe, na usiku ni baridi. Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Pikeni nje, au penye mlango na dirisha wazi. Mkimaliza, jiko libaki nje, na makaa yazimwe kwa maji au mchanga. Mwenzenu akilalamika kichwa na kichefuchefu chumbani penye jiko, mtoeni nje kwanza, maswali baadaye, kisha mkimbizeni zahanati.

Na ninyi wanachama wenzangu, kila mwaka tunachanga fedha za mbuzi. Napendekeza mwaka huu tuchange na za blanketi, kwa wanafunzi waliopanga. Mtoto aliyejifunika vizuri hatafuti joto la jiko. Mimi naanza kwa kutoa mablanketi mawili, moja langu na moja la yule mwenzangu.