Hesabu za Kompyuta Nazo Hukaguliwa



Kila katibu wa chama cha msingi anajua kuwa leja yaweza kujumlishwa bila kosa hata moja na bado magunia ghalani yakapungua. Ndiyo maana mkaguzi hatosheki na jumla iliyoandikwa. Huomba ufunguo wa ghala, akaingia, akahesabu. Ukaguzi wa namna hiyo hufanywa pia juu ya kompyuta kubwa zinazotabiri mvua, na jambo hilo lawahusu wakulima, kwa kuwa mbegu na mbolea za mkopo huagizwa kwa kutegemea utabiri.

Kompyuta hizo hugawanya anga ya dunia katika vyumba vidogo vidogo. Kila chumba hupewa tarakimu za joto, unyevu, upepo na kani ya hewa, kisha kanuni za fizikia hutumiwa kukokotoa hali itakavyokuwa baada ya dakika chache, halafu chache nyingine, hadi siku nyingi mbele. Nchi za Ulaya zilishirikiana mwaka 1975 kuunda kituo chao kimoja cha kazi hiyo. Makao yake yako Reading, Uingereza, na kompyuta zake ziko Bologna, Italia. Upana wa chumba kimoja katika hesabu zake ni kilometa 9 hivi.

Lakini kosa dogo la mwanzo huzaa kosa kubwa. Mwaka 1961, huko Marekani, mtaalamu Edward Lorenz alirudia hesabu moja ya hali ya hewa. Badala ya 0.506127 aliandika 0.506, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi alikuta hali ya hewa ya mashine imegeuka kabisa. Vipimo vya hewa haviwezi kuwa kamili daima. Basi hesabu moja peke yake haitoshi.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1992 kituo hicho cha Ulaya hurudia hesabu mara nyingi, kila moja ikianza na tofauti ndogo. Siku hizi hesabu hizo ni 51. Ikiwa 40 kati yake zaonyesha mvua, uwezekano wa mvua huwa karibu asilimia 78. Zikitawanyika huku na huku, msomaji ameonywa asiwe na hakika.

Hata hivyo, hesabu zote 51 hufuata kanuni zile zile, na zaweza kukosea kwa pamoja. Hapo ndipo ghala hufunguliwa. Mwaka 1950 Glenn Brier wa Marekani alitoa kanuni nyepesi. Utabiri ukisema asilimia 80 na mvua ikanyesha, kosa ni 0.2, likizidishwa kwa lenyewe, ni 0.04. Isiponyesha, kosa ni 0.8, nalo huwa 0.64. Wastani wa siku nyingi ukiwa mdogo, mtabiri anastahili kuaminiwa. Aidha, siku zote zilizotabiriwa asilimia 70 hukusanywa: ikiwa mvua ilinyesha siku 4 tu katika kila 10, kompyuta hiyo inajigamba.

Katika Afrika Mashariki, kituo cha ICPAC kilichoko Ngong, karibu na Nairobi, hutoa utabiri wa msimu kwa mafungu matatu: mvua ya juu ya wastani, ya wastani, na ya chini ya wastani. Agosti 2023 utabiri wake wa Oktoba hadi Desemba ulielemea mvua nyingi, na Novemba mafuriko yakaikumba Kenya, Somalia na Ethiopia. Lakini msimu mmoja haumthibitishi mtabiri, kama vile mwaka mmoja wa faida usivyothibitisha uongozi bora wa chama.

Tuseme utabiri umegawanywa asilimia 45, 35 na 20. Ile 20 maana yake ni kuwa katika misimu 5 ya namna hiyo, mmoja utakuwa wa mvua pungufu. Katibu anayewatangazia wanachama kuwa "mvua zitakuwa nyingi" ameifuta ile 20. Chama kikikopa mbegu za muda mrefu kwa mashamba yote, na msimu huo mmoja ukafika, deni hubaki mgongoni mwa mwanachama.

Yafaa basi kila chama kifanye mambo matatu. Kwanza, asilimia zote tatu ziandikwe katika kumbukumbu za mkutano kabla ya pembejeo kuagizwa. Pili, kipimamvua kiwekwe uwanjani mwa chama na kusomwa kila siku saa 3 asubuhi. Tatu, katika mkutano mkuu wa mwaka, utabiri na mvua iliyopimwa visomwe pamoja mbele ya wanachama.

Mwaminifu si yule asiyekosea kamwe. Ni yule anayetaja kiasi anachoweza kukosea, kisha akakubali daftari lake lifunguliwe.