Kuitambua Fyuzi ya Gari: Umbo Kabla ya Rangi



Kwa kuwa nimepewa wasaa wa kunena mbele yenu juu ya fyuzi bapa za magari, zile zenye gamba la plastiki na miguu ya madini, ambazo tangu miaka ya 1970 zimetwaa mahali pa fyuzi za kale za bomba la kioo, naomba nianze na dhana iliyoenea mno katika gereji zetu, nayo ni kwamba fyuzi hujulikana kwa rangi. Rangi ni dalili njema, lakini haitoshi kutolea hukumu. Katika fyuzi za kawaida na zile ndogo ziitwazo mini, nyekundu ni ampea 10 na buluu ni 15. Ilhali katika zile kubwa ziitwazo maksi, nyekundu hiyo hiyo ni ampea 50, na buluu ni 60.

Sharti basi umbo litangulie. Fyuzi ya kawaida ina upana wa milimita 19 hivi, maksi 29, mini 11, na maikro ya miguu miwili 9. Iko pia maikro ya miguu mitatu, yenye kulinda njia mbili za umeme kwa pamoja, na mini fupi, ambayo upana wake ni ule ule wa mini lakini miguu yake huchungulia kidogo tu chini ya gamba. Hizo milimita mbili baina ya mini na maikro ndizo zinazowahadaa wengi wakaishindilia fyuzi mahali pasipo pake. Na mguu usioshikwa barabara hupata moto hata plastiki ikayeyuka, na huku uzi wa ndani ungali mzima, fundi akabaki kutafuta shoti ambayo haipo.

Umbo likiisha kujulikana, soma tarakimu iliyochapwa juu, kwani kahawia hafifu ya ampea 5 na kahawia iliyokoza ya 7.5 aghalabu hufanana katika kiza cha chini ya dashibodi. Volti si mashaka makubwa: fyuzi hizi kwa kawaida huandikiwa 32, kwa hiyo huitumikia gari ya volti 12 na lori la volti 24.

Lakini ampea ndiyo roho ya maneno yangu. Fyuzi huilinda waya, wala haikuwekwa kwa ajili ya taa au redio peke yake. Fyuzi ya ampea 10 ikibebeshwa 11 yapasa kustahimili saa 100 bila kukatika, na ikibebeshwa 20 yapasa kukatika kabla ya sekunde 5 kupita. Kwa hiyo anayetia 30 mahali pa 10, kwa sababu ile ya kwanza "inakatika ovyo", ameifanya waya nyembamba iungue mahali pa fyuzi, na hilo mimi naliona ni kumdhulumu mwenye gari aliyetuamini.

Na kwa kuwa magari mengi yetu hutoka Japani yakiwa yametumika, na vifuniko vya visanduku vyake vya fyuzi vimeandikwa Kijapani, napendekeza kila gereji iandike karatasini kwa Kiswahili, kwa wino usiofutika, umbo na ampea ya kila tundu, kwa kufuata kitabu cha gari hiyo wala si fyuzi iliyokutwa humo, na karatasi hiyo ibandikwe ndani ya kifuniko.